Mgeni Njoo, Nani Apone? Malazi, Watumishi na Kumbukumbu katika Njia ya Misafara

Hivi karibuni nililala siku tatu katika nyumba moja ya wageni huko Mtendeni, mjini Tabora, nilipokwenda kuwakagua wanafunzi wangu walio katika mafunzo kwa vitendo. Malipo ya chumba yalijumuisha chai ya asubuhi. Siku ya pili niliamka kabla ya adhana ya alfajiri, nikamkuta binti aliyenifungulia geti usiku amelala kwenye godoro jembamba nyuma ya meza ya mapokezi, amejifunika kanga gubigubi. Alikurupuka, akasema, "Shikamoo baba, nisamehe," akafungua mlango, kisha akaenda uani kuwasha jiko la mkaa. Jua lilipochomoza, mezani kulikuwa na chai ya tangawizi, chapati mbili, yai la kukaanga na kisahani cha asali ya Tabora. Nilimuuliza amelala saa ngapi. Alicheka, akajibu, "Nalala wageni wakilala, baba. Wakiamka, na mimi naamka."

Sentensi hiyo nilikwenda nayo Kwihara mchana wa siku hiyo, na ndiyo iliyozaa makala haya. Kwihara ni kijiji kilicho kilomita chache nje ya mji, na ndipo lilipo lile jengo ambalo sote tumefundishwa kuliita Tembe la Livingstone. Nimewahi kulitembelea mara kadhaa. Safari hii nililiangalia kwa jicho la mtu aliyetoka kulala katika nyumba ya wageni, nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza katika ziara zilizotangulia: hapa, chai ya asubuhi aliipika nani?

Kabla sijalijibu, naomba nimpitishe msomaji Uingereza kwa muda mfupi. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, nililala mara mbili katika kijiji kimoja cha Yorkshire, katika nyumba za aina ambayo Waingereza wanayo kila pembe ya nchi yao: familia hukodisha chumba kimoja au viwili ndani ya nyumba yake, na asubuhi humwandalia mgeni mayai, maharage, uyoga, nyanya na mkate wa kuchoma. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane mwenye umri mkubwa. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kibao getini. Jioni alinigongea mlango kuniuliza kama ninakula nyama ya nguruwe, na asubuhi akanihudumia kwa mikono yake mwenyewe. Niliondoka nikiamini kwamba nimeuona ukarimu usio na tabaka, kwa kuwa mwenye mali na mtumishi walikuwa mtu mmoja. Niliporudi mara ya pili nilichelewa kutoka chumbani, nikamkuta msichana kutoka Poland akibadilisha mashuka. Alikuwa akija kila siku. Kibaoni hakuwemo, na mama yule hakuwa amemtaja hata mara moja.

Tangu hapo nimeamini kwamba katika kila malazi kuna watu watatu: mgeni, mwenye nyumba, na yule atandikaye kitanda na kuwasha moto. Historia huwakumbuka kwa mpangilio huohuo, na mara nyingi huishia kwa wa kwanza. Sijui mahali pengine katika Afrika Mashariki ambapo jambo hili laonekana waziwazi kama Unyanyembe.

Tuanze na mwenyeji wa kwanza. Katikati ya karne ya 19 nchi hii ilikuwa chini ya Mtemi Fundikira. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliofuata njia kutoka Bagamoyo walijenga makao yao Kazeh, yaliyokuja kuwa sehemu ya mji wa Tabora, kwa ridhaa ya mtemi. Walikuwa wageni wake kwa maana kamili ya neno hilo. Baadhi yao walifunga naye undugu: Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, akawa mtu mwenye nguvu kubwa katika nchi ya mkwewe. Ardhi ya kujenga, chakula cha kununua na usalama wa njia vilitegemea ukarimu wa Wanyamwezi. Na mizigo ya njia hiyo, kila mmoja wa kilo 30 hivi, ilibebwa kwa sehemu kubwa na wapagazi wa Kinyamwezi, ambao kwao kufika pwani na kurudi kulikuwa kipimo cha uanaume.

Burton na Speke waliwasili Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu walipoondoka pwani. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir. Bwana huyu alianza maisha yake akiwa mpika halua mjini Muskati, na katika muda wa miaka 16 hivi akapanda hadi kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pembe za ndovu na watumwa katika bara hili. Aliwapa wageni wake nyumba, akawatunza, akamsaidia Burton kukusanya maneno ya lugha za huku, na akawapa habari za maziwa ambazo baadaye zilifanywa kuwa "ugunduzi". Burton mwenyewe ameeleza desturi ya Waarabu wa Kazeh: mgeni akifika, alipelekewa mbuzi na mzigo wa mchele mweupe kabla ya jambo lingine lolote.

Ni desturi nzuri, na sina nia ya kuidharau. Lakini mchele haujitwangi, na mbuzi hajichinji. Nyumba ya mfanyabiashara mkubwa wa Kazeh ilikuwa na mashamba, jiko na ua, na kazi za humo zilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa, wengi wao wanawake. Ukarimu ule ambao wasafiri wa Ulaya waliusifu kwa kurasa nyingi ulisimama juu ya migongo ya watu ambao hawakuwa na uwezo wa kukataa kumkaribisha mtu yeyote. Mpika halua alikuwa ameacha kupika.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Unyanyembe ilikuja kuona kinyume chake. Baada ya Fundikira kufariki, mrithi wake Manua Sera aliamua kutoza ushuru bidhaa za wafanyabiashara zinazoingia katika nchi yake. Wafanyabiashara walikataa. Walichukua silaha, wakamfukuza mtemi kutoka katika makao yake, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Speke aliporudi Kazeh Januari 1861 alikuta vita hivyo vinaendelea, na ni katika vita hivyohivyo Snay bin Amir aliuawa. Manua Sera aliishi porini akipigana hadi alipouawa mwaka 1865. Wanafunzi wangu huyasoma matukio haya kama habari ya biashara na siasa, na ni sahihi kuyasoma hivyo. Mimi nayasoma pia kama habari ya mgeni aliyepewa chumba, akabadilisha kufuli, akamfungia nje mwenye nyumba.

Miaka 10 baadaye, mgogoro huo ulikuwa umezaa mwingine mkubwa zaidi, wa Mirambo wa Urambo, aliyeifunga njia ya Ujiji. Stanley aliingia Unyanyembe tarehe 23 Juni 1871, akapewa nyumba Kwihara na Said bin Salim, liwali wa Sultani wa Unguja. Alipokewa kwa sinia za wali, kuku wa mchuzi na matunda. Mwezi Agosti alijiunga na wenyeji wake kumshambulia Mirambo. Walishindwa, na Mirambo akaja kuichoma Tabora moto. Tarehe 20 Septemba Stanley aliondoka kwa njia ya kusini kwenda Ujiji. Alirudi Kwihara pamoja na Livingstone tarehe 18 Februari 1872, akakaa hadi 14 Machi, kisha akaelekea pwani. Livingstone alibaki humo hadi 25 Agosti mwaka huo, akiwasubiri wapagazi aliokuwa akitumiwa.

Tuhesabu basi. Livingstone alikaa katika nyumba ile miezi sita na siku chache. Hakuijenga, hakuinunua, wala hakuirithi. Alikuwa mgeni wa mgeni aliyepewa nyumba na wageni waliomfukuza mtemi. Hata hivyo nyumba inaitwa kwa jina lake. Mtu akiiendea leo atapokewa na kuta nyekundu na mlango wa nakshi, na ndani atakuta habari za mgeni.

Hapa baadhi ya wasomaji watanipinga, na hoja zao ni za haki. Wa kwanza atasema kwamba historia huandikwa kutokana na maandishi, na walioandika ni wageni. Mpishi hakuacha daftari. Wa pili, huenda ni mtumishi wa halmashauri, atasema kwamba mtalii hatoki Scotland kuja kuangalia jiko la mtu asiyemjua. Anakuja kwa ajili ya Livingstone, na kiingilio chake kina faida kwa wilaya. Namjibu wa kwanza kwanza, kwa sababu jibu lake linamjibu pia wa pili.

Maandishi ya wageni wenyewe yanawataja watumishi wao. Mpishi wa Livingstone alikuwa mwanamke aitwaye Halima, mke wa Amoda, mmoja wa watu wa msafara. Tunamwona kwanza Ujiji, siku ile ya Novemba 1871, kwa hesabu ya Stanley, ambayo dunia nzima inaikumbuka kwa salamu ya Stanley. Stanley mwenyewe ameeleza kwamba wakati wanaume wawili wakizungumza barazani, Halima alikuwa akichungulia kutoka jikoni kuhakikisha kama kweli kuna Wazungu wawili mahali alipozoea kumwona mmoja. Alikuwa na wasiwasi wa muda mrefu: bwana wake mgonjwa alikuwa hali, naye alihofu kwamba chakula chake hakithaminiwi. Siku ile sahani zilirudi tupu, na furaha yake ikafanya jiko zima lichangamke. Kila mama aliyewahi kupikia mgonjwa anaijua furaha hiyo.

Tunamwona tena mwaka 1872, huku Unyanyembe. Aligombana na Ntaoeka, mwanamke mwingine wa msafara aliyekuja kuwa mke wa Chuma, akaondoka kwa hasira. Livingstone alikwenda kumtafutia msaada kwa jirani yake Sultan bin Ali, lakini Halima alirudi mwenyewe, akasimama nje akisubiri aambiwe aingie. Livingstone akatoka, akamwambia aingie na asigombane tena. Kisha akaandika katika shajara yake kwamba mwanamke huyu hakuwahi kumlazimu kumkemea, kwamba haibi wala hamruhusu mumewe aibe, na kwamba ndiye tegemeo kubwa kuliko wote katika msafara. Akampa nguo nzito ya baridi. Akaandika pia kwamba atamwacha huru, na wakifika Unguja atamnunulia nyumba na bustani.

Naomba msomaji asimame kidogo katika ahadi hiyo. Mtu haachwi huru isipokuwa si huru. Mgeni mashuhuri wa Kwihara, ambaye jina lake limefungamana na vita dhidi ya biashara ya watumwa, alikuwa akipikiwa na mwanamke ambaye yeye mwenyewe alijua kwamba angali mtumwa, na uhuru wake ulikuwa umeahirishwa hadi mwisho wa safari. Simhukumu Livingstone kwa kipimo cha leo. Aliliona deni, akaliandika. Ninachosema ni kwamba tegemeo la msafara lilikuwa bado na deni la kulipwa siku msafara ulipoondoka Kwihara tarehe 25 Agosti 1872.

Livingstone hakufika Unguja akiwa hai. Alifariki kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, tarehe 1 Mei 1873. Watu wake waliukausha mwili wake na kuubeba kurudi pwani, wakipita Unyanyembe Oktoba mwaka huo, ambako walimkuta Cameron naye amepewa malazi Kwihara. Wanawake wa msafara, akiwemo Halima, walikuwa sehemu ya kundi lililoifanya safari hiyo ngumu. Mwili ulifika Bagamoyo Februari 1874, na Aprili ukazikwa katika kanisa la Westminster, London. Mgeni alipata kaburi miongoni mwa wafalme. Nyumba na bustani vilikuwa ni maneno katika shajara ya marehemu. Katika nchi hii utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, miaka 50 baada ya ahadi ile kuandikwa.

Kwa hiyo, tunaposema kwamba watumishi wamesahauliwa kwa sababu ya uhaba wa vyanzo, tunawasingizia vyanzo. Halima yumo katika shajara ya bwana wake na katika kitabu cha Stanley. Ferajji, mpishi wa Stanley, naye yumo. Wasafiri wale, pamoja na kiburi chao chote, waliwaandika. Sisi tuliokuja baadaye na kalamu zetu, vitabu vya kiada na vibao vya makumbusho ndio tuliowaacha nje. Na mtalii wa Scotland, kama alivyo mtu yeyote mwenye akili, angeisikiliza kwa hamu habari ya mwanamke aliyesimama nje ya mlango uleule akisubiri kuambiwa aingie. Isingempunguzia Livingstone chochote, na wilaya isingepoteza kiingilio.

Sasa turudi Mtendeni, kwa maana historia isiyorudi nyumbani ni porojo za wasomi.

Binti aliyenipikia si mtumwa, na lingekuwa kosa kubwa kumlinganisha na Halima katika hadhi. Anaweza kuacha kazi kesho. Ana nchi yenye Katiba, na ana sheria: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo inaweka kikomo cha saa 9 kwa siku, saa 45 na siku 6 kwa wiki kwa kazi za kawaida. Inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo baina ya siku moja ya kazi na nyingine, yanayoweza kupunguzwa hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi, kwa mfano anapoishi mahali pa kazi, na mapumziko ya saa 24 kila wiki. Inamtaka mwajiri ampe maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Nilipomuuliza binti yule kama anayo karatasi yoyote, alidhani namuuliza kuhusu risiti yangu.

Nani anayelala katika nyumba hizi? Ni sisi. Ni mhadhiri anayekagua wanafunzi, ofisa wa wizara anayekwenda semina, mwanaharakati anayekwenda kuendesha warsha ya haki za wanawake, mwanafunzi anayekusanya takwimu za tasnifu. Tunasafiri kwa posho ya serikali au ya mfadhili. Tunadai risiti ya mashine ili mhasibu asitusumbue, tunalalamika maji ya moto yakikosekana, tunaandika ripoti zetu usiku chini ya feni, na asubuhi tunakunywa chai ya mtu ambaye jina lake hatukuuliza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa usiku mmoja na nusu kabla ya kumuuliza lake. Silitaji hapa kwa sababu kazi yake ni ndogo na mwajiri wake anaweza kusoma, na hofu hiyo nayo ni ushahidi.

Napendekeza mambo mawili ambayo hayahitaji mfadhili. La kwanza ni kwa taasisi za umma, vyuo vyetu vikiwemo. Tunapochagua nyumba za kulaza watumishi na washiriki wa semina, tuulize mikataba na zamu za wafanyakazi kama tunavyouliza bei na risiti. Mwenye nyumba ambaye wateja wake wakuu wanauliza swali hilo mara kwa mara ataajiri mtu wa pili wa zamu ya usiku haraka zaidi kuliko akisubiri mkaguzi wa kazi. Najua bei ya chumba itapanda kidogo. Tofauti hiyo ndiyo gharama halisi ya kitanda, ambayo hadi sasa binti yule ndiye anayetulipia kwa usingizi wake.

La pili ni kwa wenzangu wa historia. Kibao kimoja Kwihara, kwa Kiswahili, kinachomtaja Mtemi Fundikira aliyewapa wageni nafasi katika nchi yake, na Halima aliyewapikia, ni kazi ya seremala ya siku moja. Maneno yake yanaweza kuandikwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nimewapa wangu zoezi hilo muhula huu, na nitaipeleka rasimu iliyo bora kwa wahusika.

Asubuhi ya kuondoka niliingia mwenyewe uani kuaga. Binti alikuwa akichochea mkaa, na sufuria ya chai ya wageni waliofika usiku ilikuwa imeanza kuchemka. Alinitakia safari njema, akaniuliza kama nitarudi. Nikamwambia nitarudi mwezi wa sita, na kwamba nikirudi nitamuuliza tena saa za kulala. "Sawa, baba," akasema, "ila uniulize mbele ya tajiri."